Kabati la Homa

Katika maabara ile palikuwa na makabati mawili ya joto, yamekaa bega kwa bega ukutani kama mtu na dada yake. Moja lilikaa kwenye joto la mwili wa mtu mwenye afya. La pili lilipandishwa kidogo, hadi joto la mtu mwenye homa, yule ambaye ukimgusa paji la uso unaondoa mkono upesi na kusema, "Huyu anachemka." La kwanza waliliita Afya, la pili Homa, na aliyeyalea yote mawili alikuwa mwanamke mnene kidogo, mpole wa mwendo, ambaye jina lake halisi wenzake walikuwa wameshalisahau. Walimwita Mama Joto.

Jina lilimkaa sawasawa. Funguo za makabati zilining'inia shingoni mwake kwa utepe wa bluu, na hakuzivua ila nyumbani. Asubuhi alifika wa kwanza. Aliweka kiganja ubavuni mwa kabati, akatulia, akajua kama mambo ni shwari kabla hata hajatazama kipimajoto. Tena alikuwa na sheria moja ambayo hata Profesa, mkuu wa maabara, aliiogopa: mlango wa kabati haufunguliwi ovyo.

"Hawa humo ndani ni kama watoto wamelala," alikuwa akisema. "Ukiwafunua shuka kila mara, utalea nini?"

Dereva wa maabara aliwahi kufungua Homa ili apashe mkate wake wa chai. Alifukuzwa kwa ufagio hadi kwenye ngazi, na kisa hicho kikawa kinasimuliwa kila alipofika mfanyakazi mpya. Mwenyewe Dereva ndiye aliyekisimulia kwa raha zaidi. "Na mkate haukupata hata moto," alimalizia.

Mfanyakazi mpya wa mwaka ule alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, aliyetoka masomoni akiwa na swali lake moja. Alisema na kila kitu: hadubini, visahani, bomba la maji. Haikuchukua muda wakamwita Chiriku. Swali lake lilihusu chembe nyeupe za damu, zile ambazo watu huziita askari wa mwili. Mtu akipatwa na homa, aliuliza Chiriku, joto lile linawafanya nini askari hawa? Linawachosha, au linawaamsha?

Profesa alilipenda swali lile mpaka akapiga meza kwa kiganja. Na hapo ndipo roho ya Mama Joto ilipoanza kuuma.

Maana miaka yote Profesa alikuwa akiingia asubuhi, hajavua hata kofia, anaita kutoka mlangoni, "Mama Joto wetu, watoto wameamkaje?" Naye anajibu, "Wameamka salama, Profesa," na siku inaanza. Lilikuwa jambo dogo tu. Lakini mtu anaweza kuishi kwa jambo dogo kama lile, kama mmea unavyoishi kwa maji ya kikombe kimoja. Sasa Profesa aliingia akisema, "Chiriku wetu yuko wapi?" Mama Joto akabaki ameshika ufunguo, jibu lake limemkalia mdomoni.

Kilichozidi kumuudhi ni kwamba msichana mwenyewe hakuwa na ubaya wa kushikwa. Kama angekuwa na majivuno, angalau pangekuwa na pa kuanzia. Lakini Chiriku alimwamkia kwa heshima, akamtundikia koti lake jeupe lisiburute chini, akamwachia chai kikombe cha kwanza. Alipoona Mama Joto anajinyoosha kiuno kila akiinuka, alikuja na mto mdogo wa kitambaa cha maua akauweka kwenye kiti chake, bila kusema neno.

"Anajipendekeza," Mama Joto alisema moyoni. Akaukalia mto ule, na kiuno, bila kumwuliza, kikaushukuru.

Kazi ya maabara ile ilihitaji damu mbichi, na desturi yao ilikuwa kutoana wenyewe kwa zamu. Damu ya Dereva haikupendwa, walisema ina kiherehere. Damu ya Profesa walisema ni ya kizembe. Chiriku alipoanza majaribio yake, zamu ilimwangukia Mama Joto.

"Mama, mishipa yako inanipenda," Chiriku alisema akimfunga mkono. "Tazama inavyojitokeza yenyewe."

"Mishipa yangu haikujui," Mama Joto akajibu.

Chiriku akacheka kama aliyeambiwa jambo tamu. Alitoa sindano polepole, akaweka pamba, akaishikilia yeye mwenyewe kwa kidole gumba, akapuliza kidogo juu yake, kama afanyavyo mtu kwa mtoto. Mama Joto aliutazama ukuta.

Kisha Chiriku alizitenga chembe nyeupe, akaziweka katika visahani viwili vya plastiki. Ukingoni mwa kila kisahani alitia tone la mabaki ya vijidudu vilivyokufa, kama chambo. Kisahani kimoja kililala katika Afya, kingine katika Homa. Asubuhi wangetazama askari wa kisahani kipi wanatembea vizuri zaidi kuelekea kwenye chambo.

"Na joto lisikatike, mama," Chiriku aliomba. "Nakutegemea wewe."

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Nitaanzia wapi? Nakuomba tu."

Asubuhi Mama Joto alifika kabla ya wote, kama kawaida yake. Alitia kiganja ubavuni mwa Homa. Joto lilikuwa sawa. Hakukuwa na sababu yoyote ya kufungua. Akafungua.

Alijiambia anaangalia kama sinia ya maji ya chini, ile ya kutunza unyevu kabatini, haijakauka. Haikuwa imekauka. Alijiambia basi nitatupia jicho mara moja, ni damu yangu, nina haki nayo. Akakitoa kisahani, akakiweka chini ya hadubini, akainama.

Jamani, alichokiona! Miaka yote ile alizoea kuona chembe nyeupe zikijikokota kama watu wanaorudi kutoka kazini. Hawa hawakuwa hivyo. Walikuwa wamejinyoosha, wametoa vijiguu mbele, wote wameelekea upande mmoja, wanasukumana kukifuata chambo kama wakazi waliosikia kwamba nyumba ya jirani inaungua. Joto halikuwa limewachosha. Limewaamsha, tena limewavisha na viatu.

Na kila mmoja wao alitoka mkononi mwake. Wamekaa mwilini mwangu miaka yote, aliwaza, hawajawahi kunionyesha haya. Kaja huyu na uso wake mwembamba, wanamkimbilia. Hata damu yangu inamkimbilia yeye!

Aliendelea kutazama, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Ile mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikivuma juu ya kichwa chake, maana chumba kile hukaa baridi kwa ajili ya vyombo, na yeye hakuisikia. Alikuja kushtuka aliposikia wimbo wa Chiriku ngazini. Akakirudisha kisahani, akafunga, akauficha ufunguo ndani ya blauzi.

Chiriku alivaa koti na glavu, akasema "bismillah" yake ya kila siku kwa sauti ndogo, akavitoa visahani. Kile cha Afya, askari walitembea mwendo wao wa siku zote. Kile cha Homa alikitazama kwa muda mrefu.

"Wamejikunja," alisema mwishoni. "Wamekuwa kama punje. Hakuna anayetembea."

Mama Joto alikuwa anaosha chupa. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile kwamba baridi huwakunja. Neno lilipanda hadi kwenye ulimi, likakaa pale, likashuka tena. "Labda wamechoka," alisema bila kugeuka.

Profesa alikunja midomo. "Rudia, Chiriku." Hakusema Chiriku wetu. Mama Joto alilisikia pengo lile, na ndani kwa ndani, Mungu amsamehe, akachekelea.

Jioni nyumbani mumewe, fundi cherehani, alikuwa anatia vifungo shati la mteja. Alimsikiliza mkewe akimsema Chiriku tangu alipovua viatu hadi chakula kikapoa.

"Anaimba. Mtu anaimbia visahani! Na ule mto wake wa maua. Nani alimwambia nina kiuno kibovu?"

"Mto uko wapi?"

"Nimeuacha kazini."

"Kwenye kiti chako?"

Mama Joto akaokota kifungo kilichoanguka.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Mke wangu, ungekuwa unamsema hivyo mwanamume, ningeshavaa viatu nikamtafute." Kisha akapunguza sauti. "Alikukosea nini, hasa?"

Alitafuta jibu. Alitafuta kweli, kama mtu anayepapasa sindano kwenye zulia. Kisha akaondoka kwenda kupasha chakula.

Mara ya pili alijiapia hatafungua. Asubuhi ilipofika aliweka kiganja, akasimama, akaondoka. Akarudi. Alitaka kuhakikisha tu kama askari wamechoka wenyewe, maana kama wamechoka wenyewe basi yeye hana hatia. Hawakuwa wamechoka. Walikuwa wanakwenda kama siku ile, na zaidi. Alitazama tena kupita kiasi, na wivu ukamla tena, na Chiriku alipovitoa visahani akakuta punje.

Profesa alikaa pembeni ya meza, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wanapotoa habari mbaya huzizungusha sana.

"Nimeona," alisema. "Pengine homa inawachosha askari, basi. Nalo ni jibu. Tutalitangaza kwenye mkutano wa kesho, na kazi hii tutaifunga. Kuhusu nafasi yako hapa, Chiriku, iliandikiwa kazi hii. Nitaona kama kuna mahali pengine wanakuhitaji. Siahidi."

Msichana aliitikia kwa kichwa tu. Siku ile hakuimba, na matone ya bomba la maji yakasikika chumba kizima.

Mchana Mama Joto alimkuta karibu na sinki, anasugua kisahani kilichokwisha kuwa safi. Macho yalikuwa mekundu, lakini alipomwona alimsogezea taulo.

"Mama, nikuulize kitu? Wewe ndiye unayelijua kabati." Alivuta pumzi. "Siku zote mbili, nilipofungua Homa, kioo cha ndani kilikuwa na ukungu. Cha Afya hakikuwa nao. Nadhani nilijaza maji mengi kwenye sinia. Nadhani mimi ndiye niliyewaharibu. Nimewapa watu jibu la uongo kwa uzembe wangu wa maji tu, na sijui hata nianzie wapi kumwambia Profesa."

Mama Joto alilishika taulo asijue la kufanya nalo. Kioo cha ndani hakipati ukungu kwa maji ya sinia. Kinapata ukungu mlango ukifunguliwa, hewa ya baridi ikakigusa, kisha joto likarudi juu yake. Hilo alikuwa amewaambia wafanyakazi wangapi? Akiona ukungu asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kwa sauti ya kutetemesha, "Nani kafungua?"

Na msichana huyu alikuwa anajitwika ukungu ule.

"Nenda kale," alimwambia, sauti ikamtoka nzito. "Hujala tangu asubuhi."

"Na wewe hujala," Chiriku akasema. "Nimekuwekea pale mezani."

Kweli, alikuwa ameweka, sahani imefunikwa vizuri isiingie nzi. Mama Joto aliitazama sahani ile. Hakuweza kuinua hata kifuniko.

Mkutano ulikuwa asubuhi iliyofuata, watu wachache tu kuzunguka meza ndefu: Profesa, wataalamu wenzake, Chiriku, Dereva aliyeitwa kubeba viti akaamua kuketi kwenye kimoja. Mama Joto alikaa karibu na mlango. Profesa alieleza kazi, akafika mwisho. "Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba joto la homa huwachosha..."

"Hapana," Mama Joto alisema.

Watu waligeuka. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Haliwachoshi. Linawaamsha. Nimewaona."

"Umewaona lini, Mama Joto?" Profesa aliuliza, anatabasamu bado, kwa kuwa hajaelewa.

Alikuwa amepanga maneno usiku mzima, yote yakamkimbia. Akabaki na yale machache ya kweli. "Siku zote mbili. Asubuhi, kabla hamjafika. Nilifungua Homa nikakitoa kisahani, nikawatazama. Walikuwa wanatembea ambavyo sijaona tangu niajiriwe, wamejinyoosha, wanakwenda kwenye chambo kama wameitwa kwa majina. Nikawaweka nje hadi wakapoa. Wakajikunja. Ndipo Chiriku akawakuta. Maji ya sinia yalikuwa sawa. Ukungu ule ni wangu."

Hata Dereva, ambaye kwa kawaida hukosi neno kwake, alitazama viatu vyake.

"Wewe?" Profesa alisema. "Wewe uliyemfukuza mtu kwa ufagio?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema uzee, au usahaulifu, na wangempokea, maana walimpenda. Aliona mlango ule wa kutokea uko wazi kabisa. "Kwa wivu," alisema. "Nilimwonea wivu mtoto wa watu. Hajanifanyia kitu. Mema tu."

Chiriku aliinuka. Uso ulikuwa umemsawijika. Mtu aliyekuwa akiongea hata na bomba la maji akatoka nje ya chumba bila neno.

Mama Joto alimkuta koridoni, amesimama dirishani amempa mgongo. Akauvua utepe wa bluu shingoni. Ulikuwa umekaa pale miaka mingi, na shingo ikahisi upepo mahali ambapo haikuzoea.

"Shika," alisema. "Rudia mara ya tatu. Profesa amekubali. Damu nitatoa mimi tena, ukitaka, au mchukue Dereva. Lakini funguo ukae nazo wewe. Hata nikikuomba, usinipe."

Chiriku aligeuka. Alikuwa analia kwa hasira, na hasira ilimfanya aonekane mdogo zaidi. "Nilijilaumu, mama. Sikulala. Ulinisikia pale sinkini na ukaniambia nikale!"

"Nilikusikia."

"Nilidhani wewe ndiye... wewe ndiye mtu ambaye..." Hakumaliza. Alizichukua funguo, akaondoka.

Hakuchukua damu ya Dereva. Alimfunga Mama Joto mkono, akaingiza sindano polepole kama mwanzo, akaweka pamba. Hakuongea. Hakupuliza. Alimshikisha pamba mwenyewe, akageukia visahani vyake. Na Mama Joto, ambaye siku ile ya kwanza aliutazama ukuta, leo aligundua kwamba alikuwa ameungojea ule mpulizo.

Asubuhi alifika mapema, kwa kuwa miguu haijui kuchelewa, akakuta mlango wa maabara umefunguliwa tayari. Hakuingia. Aliketi kwenye benchi la koridoni, mikono amejitia mifukoni mwa koti, kama mtu anayeizuia isitoroke. Moyo haukuwa umepona. Alisikia Chiriku akivaa glavu, na ule uchungu wa zamani ukamchoma mahali pake palepale: yeye ndani, mimi nje. Akauacha umchome. Akakaa.

Dereva alipita na sanduku la sampuli, akasimama. "Mama Joto, umefungiwa nje?"

"Nimejifungia."

"Basi nikuletee mkate? Ila sina pa kuupashia."

Alicheka bila kutaka. Dereva akaenda zake, akiwa na furaha kwamba amemtoa angalau kicheko kimoja.

Ndani, kabati lilifunguliwa na kufungwa. Alingoja mpaka akaanza kusali. Ndipo akasikia sauti aliyoikosa tangu juzi, ya mtu anayeongea na kisahani, kwanza kwa kunong'ona, halafu bila kujizuia: "Ehe! Ehe, wakubwa zangu! Mwaenda wapi na haraka hiyo?"

Mama Joto alifumba macho.

Vishindo vilikuja mlangoni. Chiriku alitokeza kichwa. Uso wake ulikuwa bado haujaamua kama umesamehe, lakini macho yaling'aa. Walitazamana.

"Mama," alisema, "utakaa hapo mpaka lini? Njoo upesi. Wanapoa!"

Aliinuka na kiuno chake. Kiti kilikuwa kimeshasogezwa mbele ya hadubini, mto wa maua juu yake. Aliinama, akatazama. Ndio hao, watoto wa mkono wake, wamejinyoosha, wanakimbia. Kuwaona kuliuma kidogo, na kulipendeza mno. Alitamani kutazama zaidi, macho yenyewe yaliomba.

Akaliondoa jicho.

"Warudishe ndani," alisema. "Profesa hajawaona. Na ufunge vizuri, mwanangu, ule mlango una tabia ya kubaki wazi."